Begi la Vifaa vya Timu: Linamfaa Nani Siku ya Kwanza ya Wanawake Wanaoanza Soka?

Klabu ya mtaani ikiamua kufungua kikosi cha wanawake wanaoanza, kitu cha kwanza kununuliwa huwa ni lile begi kubwa la wavu linalouzwa likiwa limeshafungashwa: mipira 10 namba 5, koni bapa 40 au 50, vizibao 10 vya rangi moja, pampu ya mkono yenye sindano moja, na filimbi. Kila muuzaji ana mpangilio wake, lakini umbo ni hilo hilo. Hapa tunalipima kwa swali moja. Mwanamke wa miaka 20, 35 au 50 ambaye hajawahi kucheza, amekuja na raba na soksi za kawaida: je, vilivyomo vitamwezesha kucheza saa nzima na kutamani kurudi wiki ijayo?

Jibu fupi: vilivyomo vinamtosha kocha, havimtoshi mchezaji mgeni. Begi linanunulika, ila usilipeleke uwanjani kama lilivyotoka dukani.

Tuanze na mipira, maana ndiyo inayokula sehemu kubwa ya bei.

Namba 5 ni chaguo sahihi. Ndio mpira wa sheria katika mechi za wakubwa, wanawake kwa wanaume: mzingo wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Wapo makocha wanaowapa wanawake wanaoanza mipira ya watoto kwa nia njema, halafu mechi ya kwanza ya kirafiki inakuja na mpira ambao miguu yao haijawahi kukutana nao. Shida ya begi haiko kwenye namba. Iko kwenye upepo.

Sheria inaruhusu presha ya 0.6 hadi 1.1 bar, yaani psi 8.5 hadi 15.6, na hilo ni pengo kubwa. Pampu ya begi haina kipimo, kwa hiyo kila mtu anajaza mpaka mpira ulie kama ngoma, akidhani ndio uzima. Mpira uliojaa hivyo unamuuma aliyeanza jana kwenye mgongo wa mguu, unamruka anapoutuliza, na baada ya mara tatu nne utamwona anafumba macho au anageuza bega kila unapomjia. Kocha anasema anaogopa mpira. Haogopi mpira, anaogopa kuumia, na ana haki. Mpira ule ule ukishushwa hadi 0.6 au 0.7 unakaa mguuni na bado uko ndani ya sheria. Kipimo cha presha ni kifaa kidogo kinachoingia kwenye kiganja, na kama begi lingekuwa na nafasi ya kitu kimoja tu cha ziada, tungeweka hicho. Usipokuwa nacho, bonyeza mpira kwa vidole gumba vyote viwili: unatakiwa ukubali kidogo. Ukigoma kabisa kama jiwe, punguza.

Sindano moja ni utani. Nunua tano. Sindano kavu ikisukumwa kwa nguvu inapasua vali kwa ndani, na mpira unaovuja kwenye vali huwa haurudi uwanjani tena. Ilowanishe kwa maji safi au tone la gliserini, iingize wima bila kuizungusha, na pampu ikikaza usiinamishe kulia na kushoto, maana sindano hukatikia ndani. Uliza pia mpira una kibofu cha aina gani, yaani ule mfuko wa ndani unaoshika upepo. Kile cha lateksi hupoteza upepo ndani ya siku chache hata bila kutobolewa. Cha butili hukaa wiki kadhaa, na kwa klabu inayofanya mazoezi mara moja kwa wiki, butili inakuepusha na dakika 15 za kupampu watu wakiwa wamesimama kukuangalia.

Alama za FIFA zilizochapwa kwenye mpira ziko tatu: Basic, Quality na Quality Pro. Mipira ya begi mara nyingi haina hata moja, na kwa mazoezi haya hilo halitusumbui. Kinachosumbua ni mpira usio duara. Uviringishe kwenye sakafu laini mita tano. Ukikata kona wenyewe, rudisha dukani, kwa sababu mtu anayejifunza pasi atajilaumu kwa kosa la mshonaji.

Halafu idadi. Mipira 10 kwa wachezaji 16 maana yake kuna watu sita wamesimama. Kwa mchezaji mzoefu foleni ni mapumziko, kwa mgeni ni jukwaa: kila mtu anamtazama yeye akikosa, kisha anasubiri dakika mbili kabla ya kujaribu tena. Dakika 15 za mwanzo kila mtu awe na mpira wake, acheze nao popote ndani ya kiboksi cha mita 20 kwa 20, na hakuna anayemwangalia mwenziwe kwa sababu kila mmoja yuko bize na mguu wake. Kwa hiyo 16, na miwili ya akiba. Fedha ikiwa haba, afadhali mipira 16 ya kawaida kuliko 8 ya kifahari.

Nyongeza tunayoipendekeza kwa moyo mweupe ni mipira minne ya futsal, ile soka ya ukumbini, namba 4. Ina mzingo wa sentimita 62 hadi 64 na uzito wa gramu 400 hadi 440, na imetengenezwa isidunde: ukiuachia kutoka mita 2 unarudi juu sentimita 50 hadi 65 tu, wakati mpira wa kawaida wenye alama ya Quality unatakiwa uvuke sentimita 125. Tofauti hiyo utaiona ndani ya dakika moja. Mtu aliyekuwa akifukuza mpira nyuma ya goli sasa anaukanyaga, anauvuta kwa unyayo, anainua kichwa, anatoa pasi. Lakini una masharti. Uzito wake unakaribia wa namba 5 ukiwa umekusanywa kwenye umbo dogo, kwa hiyo usipigwe kichwa na usipigiwe mtu kwa karibu. Kwenye changarawe ngozi yake huchunika haraka. Na usiung'ang'anie: ikifika wiki ya nne au ya tano rudi namba 5, la sivyo unalea wachezaji wanaoshangaa mpira ukidunda.

Vizibao vya begi ndivyo vilivyotuudhi kuliko vyote. Rangi moja, saizi moja, na saizi hiyo imekatwa kwa kifua cha mwanamume: mabegani kinaning'inia, nyongani kinabana na kupanda juu kila mtu anapokimbia. Mwanamke anayevuta kizibao chini kila hatua ya tatu hana akili ya mchezo. Tafuta vyenye mpira wa kunyumbuka ubavuni, saizi mbili angalau, ya kawaida na kubwa, na kubwa iwe kubwa kweli. Rangi ziwe tatu ili timu ya tatu iweze kupumzika bila watu kuvuana nguo. Jumla 24 kwa wachezaji 16. Wavu wenye matundu makubwa unanasa vidole wakati wa kugombania mpira, chagua uliofumwa kwa karibu. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hulinyamazia: kizibao kilicholala kwenye begi na jasho la wiki iliyopita. Mgeni anapewa nguo inayonuka, anaivaa kwa adabu, na ndiyo kumbukumbu anayoondoka nayo. Vifuliwe kila baada ya zoezi, zamu ijulikane, na aliye zamu asiwe kila mara yule yule aliyezoea kukubali.

Koni bapa hazina neno. Arobaini zinatosha, zipo rangi nne, hazimwangushi mtu akizikanyaga kwenye nyasi. Kwenye sakafu ngumu zile za plastiki nyembamba huteleza chini ya kiatu, hapo tumia bapa za mpira laini. Filimbi ni filimbi.

Sasa vile ambavyo begi halina.

Cha kwanza ni vikinga ugoko. Sheria ya 4 ya soka inavihesabu kama vazi la lazima pamoja na jezi yenye mikono, bukta, soksi na viatu, na vinatakiwa vifunikwe na soksi. Katika mazoezi ya wanaoanza vina umuhimu kuliko kwenye mechi ya wazoefu, kwa sababu anayejifunza huchelewa kufika kwenye mpira na mguu wake unakutana na ugoko wa mwenziwe. Pigo moja la namna hiyo bila kikinga linatosha kumfanya mtu aache. Klabu iwe na jozi 16 za kuazimisha. Saizi ya kati ndiyo itakayotoka zaidi, ongeza ndogo nne na kubwa tatu. Kikinga kizuri kinaanzia vidole vichache juu ya kifundo na kuishia chini kidogo ya goti. Vile vidogo vya ukubwa wa kadi, ambavyo mastaa huvichomeka kwa ajili ya kutimiza sheria tu, viache dukani. Kibonyeze katikati kwa kidole gumba: kidole kikigusa upande wa pili, hicho ni sponji, si kikinga. Vya kuchomeka ndani ya soksi ni rahisi kuosha kuliko vyenye soksi ya kifundo iliyoshonewa, na kwa vitu vya kuazimana kuoshwa ndilo jambo kubwa. Soksi ndefu nazo ziwekwe, jozi nane, maana kikinga cha kuchomeka hakisimami kwenye soksi fupi ya raba.

Viatu tunasema usiazimishe. Kiatu hushika umbo la mguu wa mtu, hubeba fangasi, na kisipomkaa azimwaye kitampa malengelenge kabla ya nusu saa. Badala yake tangazo liandike wazi: njoo na raba. Njumu zitanunuliwa wiki ya tatu, mtu akishajua kama anataka kuendelea.

Na akitaka kununua, mwelekeze, kwa sababu hapa fedha hupotea sana. Muuzaji atampa njumu za meno marefu ya nyasi za asili, zenye alama ya FG, kwa kuwa ndizo zinazong'aa kwenye rafu. Kwenye nyasi bandia meno hayo huzama na kushika. Mwili unageuka, mguu unabaki, na kinacholipa ni goti. Wanawake hupata majeraha ya kano ya ndani ya goti, ile ACL, mara mbili au zaidi kuliko wanaume katika soka, hivyo hili si la kupuuzia. Alama ya AG ina meno mafupi na mengi zaidi kwa ajili ya nyasi bandia. Kwa anayeanza tunapenda TF: soli ya mpira yenye vidonge vingi vifupi, inayokubali nyasi bandia, udongo mkavu na uwanja mgumu. Inashindwa kwenye nyasi ndefu zilizolowa tu, na zoezi la wanaoanza siku kama hiyo lingeahirishwa hata hivyo.

Kuhusu kukaa mguuni: njumu nyingi zimechongwa kwa kalibu ya mguu wa mwanamume. Mguu wa mwanamke kwa kawaida una kisigino chembamba ukilinganisha na upana wa mbele, na upinde wa unyayo ulio juu. Ndiyo maana malalamiko ni yale yale: mbele kunabana, nyuma kunapwaya. Akinunua ndogo anapoteza kucha, akinunua kubwa anapata malengelenge kisigino. Watengenezaji wameanza kuamka. Ida Sports wanatengeneza njumu za wanawake, na Nike walitoa Phantom Luna mwaka 2023 kabla ya Kombe la Dunia la Wanawake, ikiwa na meno yaliyopangwa kwa duara chini ya unyayo wa mbele ili mguu uzunguke kwa urahisi. Ni viatu vizuri, ila anayeanza hahitaji kufika huko. Avijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, akiwa na soksi nene atakazochezea. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya nusu sentimita hadi sentimita moja. Akikunje kiatu: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati ya upinde, soli ni dhaifu. Kisigino kikipwaya kidogo, kamba ipitishwe kwenye tundu la mwisho kwa kitanzi kila upande kisha kila ncha ipite kwenye kitanzi cha mwenziwe, ivutwe. Viatu vya watoto ni nafuu na vinawaingia wengi wenye mguu mdogo, lakini soli yake imepangwa kwa uzito wa mtoto na hupasuka mapema.

Sidiria ya michezo haiuzwi kwenye begi lolote la timu na wala klabu haiwezi kuigawa, lakini inaweza kuitaja. Waandaaji wengi wanaona aibu kuiandika kwenye orodha ya vitu vya kuja navyo, matokeo yake kuna mtu anacheza mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Andika tu, kama unavyoandika maji. Ukanda wa chini ndio unaobeba kazi, si kamba za mabegani: vidole viwili vipite chini yake kwa shida kidogo, na mtu akinyoosha mikono juu ukanda usipande. Ikiwa mpya ifungwe kwenye ndoano ya nje, ili ikilegea miezi ijayo kuwe na pa kukazia. Kilainishi cha nguo kinaua mnyumbuko wake.

Mavazi mengine yanahitaji sentensi chache kwenye tangazo, na zinafungua mlango kuliko bango lolote. Kilemba au hijabu inaruhusiwa: bodi ya sheria za soka iliingiza hilo mwaka 2014. Masharti katika mechi ni kwamba iwe nyeusi au ya rangi kuu ya jezi, timu nzima rangi moja, isishonwe kwenye jezi, isiwe na pini wala sehemu inayochomoza. Suruali ya kubana chini ya bukta inaruhusiwa pia, ikiwa ya rangi ya bukta. Kwenye mazoezi wala usiulize rangi. Vito vyote vinatoka, na kuvifunika kwa plasta hakukubaliki kisheria. Hili liseme mapema, kwa sababu aliyetoboa masikio wiki iliyopita hawezi kuvua hereni, na kumgundulia uwanjani ni kumfukuza mbele ya watu. Weka kopo lenye vifuko vidogo vyenye namba, kila mtu atie vito vyake, na lisimamiwe na mtu mmoja mwenye jina. Shanga ngumu na vibanio vya chuma nywelini navyo vina hatari ile ile, weka pakiti ya vibanio vya mpira.

Bukta za klabu zisiwe nyeupe. Timu ya taifa ya wanawake ya England yenyewe ilihama kutoka nyeupe kwenda buluu mwaka 2023, baada ya wachezaji kueleza wasiwasi wao siku za hedhi. Kwenye mfuko wa huduma ya kwanza ziwemo taulo za kike, kwenye mfuko wa pembeni unaofunguka bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kuna kitu kimoja kisichouzwa, cha bure, tunachokipa alama za juu kuliko nusu ya begi: programu ya kupasha mwili moto iitwayo FIFA 11+. Ina mazoezi 15 katika sehemu tatu: mbio nyepesi kama dakika 8, nguvu na kuruka na usawa kama dakika 10 kwa viwango vitatu vya ugumu, halafu mbio za kasi dakika 2. Hufanywa angalau mara mbili kwa wiki, bila kifaa zaidi ya koni na mpira. Katika utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008, uliofuata wasichana wa miaka 13 hadi 17, timu zilizoitumia zilipata majeraha machache kwa karibu theluthi moja. Kwa watu wazima wanaoanza inahitaji mkono mwepesi. Lile zoezi la kupiga magoti na kujiinamisha mbele polepole huku mwenzio amekushika vifundo lina marudio 3 hadi 5 kwa kiwango cha kwanza. Wafanyishe 5 siku ya kwanza na keshokutwa yake kuna wasioweza kushuka ngazi. Anza na 2, ongeza moja kila wiki. Jicho la kocha likae kwenye goti wakati wa kuchuchumaa na kutua: goti lielekee vidole vya mguu, lisiangukie ndani. Hapo ndipo faida yote ilipo, na ndipo panaporukwa kwa sababu watu wanahesabu marudio.

Magoli. Baadhi ya mabegi ya bei kubwa huja na mawili madogo ya kujifungua yenyewe, upana wa mita 1.2 hivi. Yanafaa sana, kwa sababu mchezo wa wanne kwa wanne bila kipa kwenye uwanja wa mita 30 kwa 20 ndio chakula kikuu cha wanaoanza: hakuna pa kujificha, lakini pia hakuna anayesimama peke yake golini akipigiwa mashuti. Vipindi vinne vya dakika 6, timu zikichanganywa upya kila kipindi. Vigingi vya magoli hayo vipotee mara moja tu, upepo utayacheza. Vyuma vya mviringo vya kuyakunja ni vikaidi: kunja kama namba nane, weka mguu chini ya goli, mkono usipite katikati ya duara, maana yakifyatuka yanapiga usoni.

Magoli makubwa ya chuma ya kubebeka ni habari nyingine. Lisilotiwa nanga huanguka kwa kuning'iniwa tu, na watu wamekufa hivyo. Ukikuta uwanjani goli la mita 3 kwa 2 halina mifuko ya mchanga wala vigingi kwenye ule mhimili wa nyuma, lilaze kifudifudi chini, wawe wanne wa kulibeba, na cheza na koni siku hiyo. Watoto wanaokuja na mama zao watalifuata kabla hujamaliza kuandikisha majina.